Nyuzi za Bi Almira

Jumapili iliyopita, baada ya ibada pale Whitehall, mmoja wenu aliniuliza kwa Kiingereza kama vidole vyangu vimekakamaa hivi kwa sababu ya kazi ya ghala. Nilimjibu kwa Kiswahili, maana nikiwa na njaa Kiingereza hakitoki, kwamba ghalani nilikaa miezi kumi na moja tu. Miaka yote iliyobaki nilikuwa fundi wa vitabu. Alinitazama kana kwamba nimemwambia nilikuwa rubani. Basi nimeamua kuwaandikia, vijana wangu, ili angalau msinikatize.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya uji. Mwaka 2014 nilikuwa nimeajiriwa kufagia na kupiga deki katika karakana ndogo hapa Columbus, jimbo la Ohio, karakana ya kutengeneza vitabu vya zamani na karatasi za maktaba. Mwenyewe alikuwa Mzee Walter, mzungu mrefu, mpole, ambaye alisema polepole hata akiwa na haraka. Asubuhi moja nilimkuta anakoroga kitu cheupe kwenye sufuria, kimejaa mabonge. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni gundi, wanga wa ngano na maji tu.

Jamani, mimi nimewakorogea uji watoto wa shule nzima katika kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma. Mabonge siwezi kuyatazama nikanyamaza. Nilimnyang'anya mwiko, nikamwaga ule uchafu, nikaanza upya: wanga kwenye maji baridi kwanza mpaka ulainike, kisha moto mdogo, na mkono usipumzike hata mtu akikuita. Ilipoanza kung'aa nikaiepua, ikapoa, nikaipitisha kwenye chujio mara mbili. Mzee Walter alichovya kidole, akakiinua dirishani, akakitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza nimesomea wapi. Wiki iliyofuata aliajiri mtu mwingine wa kupiga deki.

Sikusomea popote. Kambini nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Vitabu vilikuwa vichache, watoto wengi, na kitabu kimoja kilisomwa na watano wakigombania pembe. Kila mwisho wa muhula sisi walimu tulikusanya vitabu vyote vilivyochakaa, tukavifumua, tukazirundika kurasa mkekani, tukaziba palipochanika kwa uji wa muhogo, ndipo tukazipanga na kuzishona upya. Uzi tulikuwa tukiuchomoa kwenye magunia ya unga wa msaada. Uzi ule ulikuwa haukatwi. Unalegeza fundo kwa ncha ya sindano, unauvuta taratibu mpaka utoke mzima, unauzungushia kijiti. Mwalimu aliyekata uzi alisemwa mbele ya wanafunzi wake, na hakurudia.

Tabia hiyo ya kufumua vyote kwa mkupuo ndiyo nusura iniue. Vitabu vya shule vina namba za kurasa, hata uvirundike vipi utavipanga tena. Mimi sikuwahi kufikiri kwamba kuna maandishi duniani yasiyo na namba.

Mzee Walter alinifundisha mengine yote. Alinifundisha kwamba hatuvai glavu, tunanawa mikono, kwa sababu kidole kilichofunikwa hakisikii karatasi. Alinifundisha kwamba karatasi ina upande inaopenda kukunjikia, na ukilazimisha ule mwingine itapasuka. Mwezi wa kwanza nilikarabati kitabu cha nyimbo cha kanisa fulani, nikakiimarisha kwa gundi na kitambaa mpaka nikajisifu. Kilirudishwa. Kilikuwa imara kiasi kwamba hakikufunguka. Mzee Walter alijaribu kukifungua kwa mikono miwili, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia nitengeneze kilichoharibika tu, nisimwongezee mtu asichoomba.

Sasa nije kwa Bi Almira Stroud.

Alizaliwa Louisville, binti wa seremala, katika karne ya kumi na tisa. Akaolewa, akaletwa hapa Columbus, na hapa akaanza kutunga hadithi. Zilisomwa nyumba kwa nyumba, watu walingoja gazeti ili wajue nini kimempata nani. Mumewe alipofariki alihamia Buffalo na binti zake wawili, akawa mshonaji wa nguo za watu, na huko akafa. Jina lake halikuwahi kutokea kwenye jalada hata siku moja. Kila kitabu kiliandikwa kwamba kimetungwa na bibi mmoja wa Ohio. Mzee Walter aliponieleza hilo nilikasirika kweli, nikamuuliza kama na kaburi la mumewe liliandikwa bwana mmoja wa Ohio.

Mabaki ya karatasi zake yaligawanywa na wajukuu. Sanduku moja lilibaki hapa Columbus, la vipande vya magazeti. La pili lilikuwa Louisville, la barua alizomwandikia dada yake. La tatu lilikuwa katika maktaba moja ya Buffalo, nalo ndilo lenye hadithi yake ya mwisho, ambayo haikuwahi kuchapishwa. Sasa maktaba hiyo ilitaka kuichapisha, na safari hii kwa jina lake, kubwa, juu ya jalada. Karatasi zilikuwa zimechoka mno, kwa hiyo zililetwa kwetu kwanza.

Siku tulipofungua sanduku la Buffalo nilitafuta kiti. Ndani mlikuwa na vitita ishirini na viwili vidogo, kila kimoja kimeshonwa ubavuni kwa uzi. Na aliandika juu ya nini? Nyuma ya bahasha. Nyuma ya risiti za duka la unga. Juu ya karatasi za kufungia sukari. Maandishi madogo, yamefika ukingoni, yakakata kona, yakapanda juu kwa ubavu. Ukurasa mmoja ulikuwa na alama ya ncha ya pasi, umeungua rangi ya kahawia, na sentensi imekatika pale pale, kisha inaendelea chini ya doa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwingine ulikuwa na kiganja cha mtoto chenye mafuta. Mama huyu aliandika pasi ikiwa motoni na mtoto akiwa gotini. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba siwezi kumwandikia dada yangu barua kwa sababu nyumba ina kelele. Niliona haya, na nilimstaajabia mno. Nawaambia ukweli, niliogopa kuzigusa.

Woga ule ungebaki ungenisaidia. Lakini Mzee Walter alikwenda Louisville kuchukua lile sanduku la barua, na alipotoka aliniambia nianze kusafisha vile vitita. Alidhani najua kwamba kabla ya kufumua unapiga picha kila ukurasa ukiwa mahali pake. Kwenye vitabu vyenye namba sikuwahi kuhitaji, naye hakuwahi kunipa kitu kisicho na namba. Niliingia asubuhi naimba. Nikafanya kama Kigoma: nikalegeza mafundo, nikavuta uzi mmoja mmoja mpaka ukatoka mzima, nikauzungushia kipande cha kadibodi. Kitita kimoja cha uzi mweupe kilitoka bila kazi yoyote, hakikuwa na fundo mwishoni. Nilicheka peke yangu. Nikasema huyu mama siku hiyo alichoka. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimevifumua vyote ishirini na viwili, na karatasi nimezipanga kwa ukubwa, maana ukizipanga kwa ukubwa kusafisha kunakwenda haraka.

Nikachukua ukurasa wa juu ili niandike namba yake kwenye daftari la kazi. Nikatafuta namba. Nikageuza nyuma. Nikachukua mwingine, na mwingine. Hakuna hata mmoja uliokuwa na namba.

Nilimpigia Mzee Walter simu.

"Nimefumua," nikamwambia.

"Vingapi?"

"Vyote."

"Picha?"

"Sikupiga."

Nilisikia magari ya Louisville yakipita huko alikosimama. Kisha akasema, "Usitupe chochote. Hata vumbi. Kunywa chai, nakuja." Angenifokea ningepata nafuu. Nilikunywa chai na sikuionja.

Kesho yake alifika Dokta Wanjiku kutoka Buffalo. Huyu ni Mkenya aliyekuja kusoma akabaki kazini kwenye ile maktaba, na wazo la kile kitabu lilikuwa lake. Aliambiwa kuna fundi anaitwa Bibi Nduwimana, ndiye mimi, ambaye ameharibu. Alipoingia nikamwamkia kwa Kiswahili, alisimama mlangoni na koti lake.

"Haiya! Kumbe ni mtu wetu!" Akanikumbatia, kisha akaona meza. "Lakini Mama... hizi pages zote ziko loose?"

"Zote, mwanangu. Nimekosa mimi, si Mzee Walter."

"Na hakuna hata picha moja?"

"Hata moja."

Akavua miwani. "Mama, nimekuwa na huyu mwanamke ten years. Kila mtu alikuwa ananiambia, achana na yeye, nobody knows her. Na huyo mama hakuwa anaweka numbers, uzi ndio ulikuwa numbers zake. Kama order imepotea, hatuna kitabu. Tuna makaratasi tu."

Mwanamke aliyenyimwa jina maisha yake yote alikuwa karibu kulipata, na mimi ndiye niliyekuwa nimemharibia. Nilitaka kurudi ghalani siku ile ile.

Kilichonizuia ni dirisha. Niliinua rundo la karatasi nizitoe mezani, jua likapita kwenye matundu ya sindano. Nikakumbuka kambini. Walimu tulishona kila mtu kwa mkono wake. Mimi nilijua kurasa alizoshona mwenzangu kwa kuona tu matundu yalivyokaa. Bi Almira hakupima kwa rula, alikisia kwa macho, kwa hiyo hakuna vitita viwili ambavyo matundu yake yalilingana. Nikachukua sindano butu, nikajaribu karatasi mbili. Ilikwama. Nikajaribu nyingine, ikakwama. Ya sita ikapita yenyewe, tundu kwa tundu, bila kusukumwa.

"Dokta," nikasema, "njoo uone."

Kazi hiyo ilitula wiki tatu. Mzee Walter alishika taa, mimi sindano, Wanjiku alisoma. Ndani ya kitita tulifuata sentensi na madoa: doa la chai likiwa kubwa ukurasa huu, dogo unaofuata, kivuli tu unaofuata huo, basi umeshajua mpangilio. Wanjiku alisoma mwisho wa kila ukurasa na mwanzo wa mwingine kwa sauti, na kwa kuwa Kiingereza kile kilikuwa cha zamani mno kwangu, alinitafsiria. Hivyo ndivyo nilivyosikia hadithi. Ilikuwa ya nyumba moja yenye wanawake wanne, na hakuna kubwa lililotokea humo, ila nilijikuta nasahau kula. Kulikuwa na mahali mama mkwe anamkatia binti kipande cha mkate, na kwa namna alivyokikata unajua kabisa kwamba hampendi. Nikamuuliza Wanjiku, huyu aliwezaje? Na pasi? Na watoto? Wanjiku akasema, "Mama, mimi pia sijui. I just read."

Vitita ishirini na viwili vikasimama tena. Lakini kipi kinafuata kipi? Kila kimoja kilianza jambo lake, hakikutaja mwaka wala mwezi. Jambo moja tu tulilojua ni la kile cha uzi mweupe. Kilikuwa juu kabisa sandukuni, na Wanjiku alisema kila aliyewahi kufungua sanduku lile alijua kwamba hadithi inaanzia hapo: mwanamke anatoka nyumbani asubuhi, anaacha mlango wazi nyuma yake. Vilivyobaki ishirini na kimoja vilikuwa giza, hata kwake. Wanjiku aliegemeza kichwa mikononi.

Nikaenda kuchukua kile kipande cha kadibodi. Sikuwa na wazo lolote kubwa. Nilitaka tu kumwonyesha kwamba nyuzi hazikutupwa. Zilikuwa pale zote, nzima, rangi rangi: kijivu, buluu nzito, kijani, nyeusi, kahawia, njano ya pazia. Na rangi zilikuwa zimeacha alama kidogo kwenye matundu, kwa hiyo kila uzi tuliweza kuurudisha kwa kitita chake.

Wanjiku alizitazama. Akazigusa kwa ukucha. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "hizi si nyuzi zake."

"Za nani sasa?"

"Za customers!"

Akakimbilia sanduku la Louisville, lile alilorudi nalo Mzee Walter. Zile barua kwa dada, zenye tarehe juu, zilikuwa zimejaa habari za ushonaji. Bi Almira alimweleza dada yake kila nguo aliyokuwa nayo mkononi. Hakuwa na uzi wa kushonea hadithi zake, alitumia kilichobaki kwenye sindano baada ya nguo ya mtu. Tuligawana. Yeye anasoma, mimi natafuta.

"Koti ya zimamoto, buluu?"

"Hii hapa."

"Curtains za mke wa pastor, kijani?"

"Hii."

"Nguo nyeusi, jirani amefiwa na mtoto."

Niliuchukua ule mweusi. Nilikijua kitita chake. Ndicho ambacho wale wanawake wanne wanakaa mezani na hakuna anayesema neno, kurasa saba. Alikuwa anamshonea jirani nguo za matanga mchana, na huku anaandika ukimya ule. Mzee Walter, ambaye hakuelewa Kiswahili chetu lakini alielewa nyuso zetu, aliuliza kuna nini. Wanjiku akamweleza, naye akavua kofia ndani ya nyumba.

Tulizipanga moja moja, barua na uzi, uzi na kitita. Barua ya kwanza kabisa ilikuwa na gauni la kijivu la shule la binti mkubwa. Kijivu kikawa mwanzo. Nikamwambia Wanjiku, sasa ule mweupe tuuweke wapi, maana kabla ya kijivu hakuna barua.

"Mweupe ni wa kwanza, Mama. Everybody knows."

"Basi soma barua ya mwisho."

Barua ya mwisho ilikuwa fupi. Aliisoma kimya. Akairudia. Kisha akanieleza, na sauti yake haikuwa ya daktari wa chuo. Bi Almira alimwarifu dada yake kwamba wateja amewaambia wasilete kitu tena. Amekata kitambaa cheupe, anashona gauni lake mwenyewe la kuzikiwa, ili binti zake wasije wakahangaika. Baada ya hapo hakuna barua.

Yule mwanamke anayetoka asubuhi na kuacha mlango wazi hakuwa mwanzo wa hadithi, alikuwa mwisho wake. Watu walikuwa wamemsoma kinyume kwa sababu tu alikuwa juu sandukuni, na aliwekwa juu kwa sababu ndicho kitita alichokiweka mwisho. Na hapo ndipo nilipokumbuka kicheko changu cha ile asubuhi. Nikauvuta ule uzi mweupe kutoka kwenye kadibodi. Nyuzi nyingine zote zilikuwa na mikunjo ncha zote mbili, pale fundo lilipokaa miaka yote. Mweupe ulikuwa na mkunjo ncha moja. Nyingine ilikuwa laini kabisa, haijawahi kufungwa. Nami nilisema amechoka, kumbe aliuacha wazi kama ule mlango. Nililia mbele ya watu wawili wenye elimu na sikujali.

Majira ya kuchipua ya 2015 tuliyapeleka masanduku Buffalo, mimi na Mzee Walter, na theluji bado ilikuwa imelala kandokando ya barabara. Vitita ishirini na kimoja nilikuwa nimevishona kwa uzi mpya wa kitani, na zile nyuzi za zamani tumezitia kila moja kwenye bahasha yake. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi: uzi wa zamani haurudi kwenye karatasi ya zamani, utaikata. Cha mwisho nilikuwa nimekiacha. Niliomba nikishone Buffalo, pale alipokishonea yeye, na kwa uzi wake ule ule.

Nilitegemea kukataliwa. Mzee Walter aliuvuta ule uzi kati ya vidole vyake polepole, toka ncha hii hadi ile, akisikiliza kama una mahali palipooza. Akamtazama Wanjiku. Akaniambia ninawe mikono.

Nilinawa. Nikakaa mezani pa maktaba, mchana, jua likiingia. Sindano ilipita tundu kwa tundu bila kusukumwa, na mikunjo ya uzi ikakaa pale pale ilipokuwa imekaa. Nilipofika tundu la mwisho niliutoa uzi upande wa pili, nikaulaza, nikaweka sindano chini.

Wanjiku aliinama. "Mama, hujafunga."

"Sijafunga."

"Utafunga?"

"Hapana, mwanangu. Hakunipa mimi kazi hiyo."

Kitabu kilitoka, na jina lake liko juu, Almira Stroud, kwa herufi ambazo hata mimi nazisoma bila miwani. Mkipita Buffalo ombeni mwonyeshwe kitita cha ishirini na mbili. Msikivute uzi.